Maharage Yaliyogandana

Kila ninapomenya ndizi mbichi na utomvu ukanishika vidole, harufu yake hunirudisha kwenye jiko letu, siku ya mvua, mama akipuliza moto wa kuni mbichi.

Dada yangu alikuwa amerudi likizo kutoka sekondari, na jana yake alikuwa amenisomea kitabu cha fizikia alichokinunua mnadani pamoja na sweta la mtumba. Kila kitu kimejengwa kwa atomu zenye viini, na viini vingine huvunjika vyenyewe. Tangu asubuhi nilikuwa namwangalia mama.

"Dada, mama atavunjika lini?"

Hakucheka. Alichukua maharage mawili mekundu. "Hizi ni protoni. Zinasukumana." Akaongeza mawili meupe. "Nyutroni hazimsukumi mtu." Akayapaka yote utomvu wa ndizi tulizokuwa tukimenya, akayabana mpaka yakagandana. "Nguvu inayozishika ni kama utomvu huu, haishiki mpaka zigusane. Kiini kikiwa kikubwa mno, protoni za huku na za kule hazigusani, lakini bado zinasukumana. Hicho ndicho huvunjika."

"Na vya mama?"

"Vya mama ni vidogo, vya kaboni, vya oksijeni. Karibu vyote vimetulia."

"Gwe mwana, wewe," mama alisema bila kugeuka, "nimezaa saba, nimebeba vikapu vya chai miaka yote. Leo nivunjwe na maharage?"

Dada akaangua kicheko. Mimi nilisogea, nikauegemea mgongo wa mama kwa uzito wangu wote, naye hakuyumba.