Viinitete Vilivyobaki

Muuguzi wa kliniki yetu ya uzazi hakai nyuma ya meza. Huvuta kiti mpaka magoti yake yakaribiane na ya wazazi, husugua viganja kama mtu anayeota moto, ndipo hueleza kwa sauti ya chini: viinitete vilivyotungwa maabara vikabaki vinaweza kuendelea kugandishwa, kutupwa, au kupewa watafiti wa seli shina, zile zinazoweza kugeuka seli za aina yoyote mwilini, wanaotafuta tiba. Hamshawishi mtu. Juzi mama mmoja, ambaye mapacha wake walikuwa wakikimbizana koridoni, alimkatiza.

"Dada, niambie ukweli. Hao ni watoto?"

"Ni vidogo kuliko punje ya chumvi, mama. Havina moyo wala ubongo, havisikii maumivu. Ila siwezi kukuambia si kitu."

"Ungekuwa wewe?"

Viganja vikatulia. "Vyangu niliwapa watafiti. Mwanangu ana kisukari, nikasema labda watapata dawa. Bado hawajapata."

"Unajuta?"

"Sijuti. Lakini nawawaza."

Nilikuwa nikiwamiminia maji, nikasikia vizuri: hakusema "naviwaza". Yule mama naye alisikia, akamshika mkono.