Kiti cha Papa Chini ya Maji

Ule mchana wa kule shimoni siusahau, mwanangu. Nakusimulia leo kwa sababu nimekuona umerudi umenuna, miwani ya kuzamia umeitupa chini ya kitanda, unasema majini huingii tena.

Masikio yanauma, miwani inajaa ukungu, hewa inaisha kabla hujaona kitu. Karibu chamani. Yote hayo yalinipata nilipokuwa msichana hapahapa Likasi, tukijifunza kuzamia katika shimo la zamani la shaba lililojaa maji.

Chini kule ilibaki mashine ya kuchimba ambayo papa wangu, ndiye baba yangu mzazi, aliiendesha maisha yake yote ya kazi. Tangu kazi ikome, papa alikuwa amenyamaza, anashinda mlangoni akitazama wenzake wakipita na baiskeli. Aliniomba jambo moja tu: nikaone kama kiti chake kingaliko.

Basi kila Jumapili baada ya misa nilizama, na kila Jumapili nilirudi bila habari. Chupa yangu ya hewa iliisha upesi, na kwa kuwa tulizama wawili wawili, Célestin, mwalimu wetu, alilazimika kupanda nami. Nililia kwa hasira, nakwambia.

Papa alikuwa ukingoni akitazama mapovu yangu yanavyochemka. Akaniita.

"Weye uko nakula hewa sawa bukari ya kwetu."

Nikacheka na machozi yangu. Nyumbani tulikuwa watoto wengi kwenye sahani moja ya bukari, ugali wetu, kila mmoja akiharakisha kumeza. Aliyetafuna polepole alibaki kulamba vidole.

"Ile chupa ni ya weye peke yako," akasema. "Hakuna muntu atakunyanganya. Pumua pole."

Jumapili iliyofuata nilivuta hewa taratibu, kama mtu aliyeshiba. Matope yakatulia, mashine ikatokea mbele yangu. Nikaingiza mkono, nikakishika kiti. Nilipopanda, nilikuwa nacheka hata kuogelea kukanishinda.

"Papa, kiti iko."

"Hakuna muntu anaikalia?"

"Samaki tu, Papa."

Akavua kofia. "Samaki? Ile haijue kuendesha."

Akacheka, mwanangu, akacheza rumba palepale juu ya mawe na miguu yake mibovu, huku akirudia, "Nafasi yangu iko, nafasi yangu iko." Kuanzia siku hiyo hatukupata kumnyamazisha mezani.

Kwa hiyo toa miwani chini ya kitanda. Itemee mate, isugue kwa kidole, uisuuze, ukungu utakuacha. Masikio yakiuma, panda kidogo, usishindane nayo. Na hewa yako usiikimbilie, hakuna anayekunyang'anya. Mungu akupe pumzi ndefu, na kila ukipanda, ukute mtu wako ukingoni anakungoja.