Dakika Tatu za Muziki Kwenye Kaseti ya Bibi

Enzi zetu, wenzangu, muziki ulikuwa ukikamatwa kama kuku wa mgeni. Unauvizia, unaurukia, na mara nyingi unakuponyoka ukabaki na manyoya mkononi.

Watoto wengine walikusanya nyimbo. Mimi nilikusanya muziki usiokuwa na maneno, ule unaopigwa nyuma ya picha wakati stelingi anakimbizwa au mama yake anakata roho, na ule wa kwenye gemu. Nyumbani kwetu Malindi, mtaa wa bandarini kisiwani, walidhani ni maradhi. Mama alinisomea siku mbili tatu, akaona siponi, akaniacha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unaweka redio kaseti juu ya kigoda mbele ya televisheni, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kisha unaiomba familia nzima isipumue. Hawakuweza. Muziki wangu bora wa adui una sauti ya Bibi, mama yake baba, akiuliza, "Huyo mnene ndo mwizi?" Muziki wa harusi una honi ya boti ya Dar es Salaam. Kaseti mpya hazikuwepo, kwa hiyo nilichukua zile ambazo Mama keshazichoka, nikatafuna karatasi na kuziba vile vitundu vya juu ili zikubali kurekodi tena. Majina ya miziki sikuyajua, nikaitungia mwenyewe na kuyaandika kwa herufi kubwa: KUKIMBIZANA SOKONI. KILIO CHA MVUA. ADUI ANASHUKA NGAZI. Huo wa mwisho niliuimba kwa pua chuoni, katikati ya juzuu ya Kurani, na mwalimu aliutambua. Alinipiga bakora moja, kisha akaniuliza ile picha iliishaje.

Wa gemu ulikuwa mgumu zaidi, maana muziki mzuri kuliko yote huwekwa mwisho, na mwisho haufiki ila kwa ushindi. Mimi nilikuwa nakufa mlango wa kwanza. Tegemeo langu alikuwa kaka yangu Mussa, naye kwa miezi minane alikuwa akifa mlango wa saba.

Mwaka huohuo Bibi alikuwa na kaseti yake. Ami Seif, mwanawe wa mwisho, alikuwa Maskati na alioa huko bila ya kumwambia mtu. Bibi alinuna miaka miwili. Siku hizo barua zilikuwa za kaseti: unazungumza, unampa msafiri, na wa huko naye anakujibu kwa njia hiyo hiyo. Ami alileta tano za kuomba radhi, na Bibi hakuijibu hata moja. Kisha alasiri moja akaniita.

"Zuwena!"

"Naam, Bibi."

"Nifungulie hilo dude lako, kisha utoke nje."

Nikabonyeza, nikatoka. Alisema peke yake, mlango umefungwa. Alipomaliza macho yalikuwa mekundu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kama amempa mwanawe radhi au amemnyima.

Siku ya pili ilikuwa Ijumaa, pilau bado imo mdomoni, nikasikia Mussa anapiga ukelele, "Zuwena, n'shafika mwisho!" Kaseti zangu zilikuwa juu darini. Ndani ya redio mlikuwa na ya Bibi. Nikakumbuka kwamba jana niliiacha palepale maneno yalipoishia, na mbele yake utepe ni mtupu. Sikujua kwamba asubuhi Mama aliirudisha nyuma ahakikishe kama sauti imeingia, akasikia maneno mawili na kuizima hapohapo. Nikabonyeza vitufe viwili. Mussa akashinda, na muziki ukaja, tarumbeta na ngoma na kitu mfano wa kinubi, dakika tatu nzima, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hakuna aliyekohoa.

Nikaurudisha ili niusikilize. Ulipokwisha, ikafuata sauti ya Bibi: "Basi ndo hayo, mwanangu. Msalimie huyo mkeo."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa na nafasi nyingi, kwa sababu msafiri aliondoka Jumapili. Niliogopa viboko. Na nikisema kweli, Mama alipokuwa akiitia ile kaseti kwenye bahasha pamoja na biskuti za vileja, kilichoniuma zaidi ni kwamba muziki wangu unakwenda Maskati nami sijapata kuunakili.

Baadaye ndipo yaliponiuma ya Bibi. Kila akija mtu kutoka Maskati alijitanda kanga, akaenda kumuuliza kama ana amana yake. Hakuna. Mwezi wa pili aliacha kula chakula cha usiku. Mwezi wa tatu aliacha kuuliza. Nilikaa naye barazani nikimkuna mgongo, na kila nikifungua mdomo niseme, nilimuuliza nimkune juu zaidi au chini.

Mwezi wa nne mlango ukabishwa hodi. Alikuwa Ami Seif, na mkewe, na sanduku lisiloingia mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," akasema Bibi, kama vile Ami alitoka dukani.

Ami akapiga magoti. "Mama, kaseti yako, ulipofika tu kwenye neno lenyewe, iliingia muziki pahala pa maneno. Nimeisikiliza mpaka mke wangu anauimba jikoni. Nlitega sikio chini ya zile tarumbeta labda ntakusikia, sikukusikia. Roho ikakaa juu. Nikaona nije mwenyewe nikuulize. Ulinambia nini?"

Nyumba nzima ikageuka kunitazama mimi.

"Nlikwambia uje," akasema Bibi. "Na huyo si ushakuja? Kaa ule."

Viboko vyangu nilivipata baada ya chakula, vinne, na sikulalamika. Kaseti Ami alinirudishia. Muziki wenyewe mzuri kweli, wallahi.

Vijana wa leo muziki wote huo wanao kwenye simu, safi, na majina yake ya kweli, na hawana hata mmoja waliouvizia. Sauti za wazee wao wanazisikiliza kwa kasi maradufu, ili wawahi wasikokwenda. Mwanangu mimi anafanya kazi Dar es Salaam, mwendo wa saa mbili kwa boti, na ana mwaka wa tatu hajavuka. Namtumia sauti kila Ijumaa, na zinamfika kamili, halipotei hata neno. Mwezi uliopita nilifanya makusudi. Nikamwambia, "Mwanangu, kuna jambo moja nataka ulijue," kisha nikakata, nikatuma hivyo hivyo.

Alijibu saa ile ile. Kaniletea picha ya kidole gumba.