Ua Lililohamia Kando ya Mtungi

Mama mdogo alikuja kwetu Msambweni kaskazi ilipoanza, nami niko likizoni, na kopo la maziwa mapajani. Baba alimwoa kwao Taita, mamangu akiwa amekwisha kufa siku nyingi. Ndani ya kopo mlikuwa na mche wenye maua mekundu yaliyoinamisha vichwa, rangi ya zambarau ikichungulia ndani. Shuleni nimekuja kujua kuwa huitwa fuksia. Yeye aliyaita herini tu.

Bibi, mamake baba, alilivuta ua puani, akanusa tena kuhakikisha.

"Mkaza mwanangu, ua lako limevaa herini likasahau kujifukiza."

Mama mdogo akacheka. Kwao, alisema, ua hutazamwa.

"Huku kwetu lisilonukia ni jani tu," bibi akajibu, akarudia asumini zake.

Mimi nina haya. Mgeni akipiga hodi nakimbilia jikoni, na darasani nikiulizwa jambo ninalolijua nanyamaza mpaka aulizwe mwingine. Mama mdogo alikuwa mtu wa kwanza kuzungumza nami bila kungoja jibu. Alinisuka nywele huku akisimulia ukungu wa kwao, jinsi asubuhi kuku hawaonekani mpaka wakanyagwe. Nyumba ikawa na sauti tena. Nilipenda, ila sikumwambia.

Ua likamshinda. Aliliweka barazani kwenye jua, kwa kuwa milimani jua ni kitu cha kutafutwa. Kila adhuhuri majani yalilegea, naye akakimbia na kata ya maji. Yakalegea zaidi. Maua yakapukutika, kisha majani. Jioni moja nilimsikia akimwambia baba, na kicheko kikikatika njiani, "Likifa hili, nami narudi kwetu. Joto hili siliwezi."

"Litazoea," alisema baba. Baba si mtu wa maneno.

Kesho yake, watu walipojinyoosha baada ya chakula cha mchana, niliendea lile kopo. Lilinichoma vidole. Nikatia kidole udongoni: maji tele, tena ya moto kama uji. Ua halikuwa na kiu hata kidogo. Lilikuwa likipikwa.

Nilitaka kumwambia. Nilifika mpaka mlangoni pake, nikarudi. Basi nikafanya bila kusema. Uani, chini ya mstafeli, ndipo unapokaa mtungi wetu wa maji ya kunywa. Hakuna mahali pa baridi nyumbani kupita pale. Mtungi hutoka jasho kutwa, na mchanga chini yake haukauki. Nikalitoa ua koponi, nikalitia katika chungu kibovu kilichotoboka kitako, pamoja na majani yaliyooza, nikakizika mpaka shingoni kando ya mtungi. Ncha zilizokauka nikazikata kwa kucha.

Mama mdogo alipoamka aliona kopo tupu. Akazunguka nyumba nzima. Mimi nilijifanya napeta mchele, na mchele wenyewe nilikwisha kuupeta. Alipofika mtungini aliliona. Hakuuliza ni nani. Aliteka maji, akanywa, akalimwagia ua yaliyosalia katani. Tangu hapo kila aliyekunywa maji alifanya vivyo hivyo, hata bibi, japo akinung'unika kuwa analinywesha jani.

Likizo ilipokwisha nilirudi shule ya bweni Mombasa, nisijue kama nitamkuta tena mama mdogo. Aprili nilimkuta, na chunguni mlikuwa na majani matupu, lakini mengi. Agosti, kipupwe kikivuma, niliteremka garini nikapita moja kwa moja uani. Herini zilikuwa zikining'inia.

Bibi alikuwa jamvini kando ya mama mdogo, akitunga vikuba, vile vishada vya asumini na mrihani vya kubandika kifuani. Kulikuwa na harusi jirani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nichumie moja la mama yako mdogo."

"Halinukii, bibi."

"Litaazima kwa wenziwe. Chuma, mtoto!"

Nikachuma. Akalifunga katikati ya asumini, akambandika mama mdogo, akajivuta nyuma kumtazama.

"Sasa limejifukiza," akasema.

Mama mdogo aliinamia kifua chake, akanusa. Kisha akasema kwamba akikata tawi sasa, litachanua kipupwe kijacho.

"Upande wa pili wa mtungi pana nafasi," nikasema.

Wote wawili wakageuka. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Basi nitafutie chungu," mama mdogo akasema. "Kilichotoboka, kama kile chako."