Kadi Iliyojaa Barabara

Nilitumia karibu miezi miwili kuchagua kamera ya gari ambalo hata si langu. Gari ni la mama, dogo, la rangi ya fedha, alilolinunua muda mfupi kabla ya kustaafu ualimu. Mimi ndiye dereva wake, kwa sababu nimemaliza chuo na sijapata kazi, na yeye hapendi kuendesha mjini. Hofu yangu ilikuwa kwamba siku moja mtu angetugonga, aseme mimi ndiye niliyekosea, nami nisimame pale barabarani nikitafuta maneno mpaka watu wote wamwamini yeye. Sijui kubishana. Nikibishana na mtu, baada ya dakika mbili naanza kuona hoja zake. Nikajiambia kamera ingenisemea.

Basi nikasoma. Nilisoma kwamba kamera zenye betri huvimba juani, na gari letu hushinda juani. Nilisoma kwamba nyingine huonyesha barabara vizuri lakini namba za magari hazisomeki, sasa namba isiposomeka ya nini? Nililala nikiwaza kama ninunue ya mbele tu au ya mbele na nyuma, maana anayekugonga anaweza kutoka popote. Nilipokwenda mtaa wa Majengo kuulizia kwenye duka la simu, dada mwenye duka alinitazama kwa huruma.

"Kamera ya gari? Ile ya kurudi nyuma?"

"Hapana. Ya mbele, ya kurekodi barabara."

"Mbele si unaona mwenyewe?"

Wateja wawili wakacheka. Nilitoka bila kununua hata chaja niliyokuwa naihitaji. Kamera niliagiza Dar es Salaam, ikaja kwa basi, na nikaibandika mwenyewe nyuma ya kioo cha katikati. Niliibandua mara tatu. Mara ya kwanza ilifunika stika ya bima, mara ya pili ilionyesha boneti na anga tu, mara ya tatu gundi ilichoka na jua la mchana, ikaning'inia kwa waya wake kama popo. Kisha ikaanza kuyaona matuta kama ajali. Kila tukiruka tuta inalia na kufunga kipande hicho kisifutwe, hadi kadi yake ya kumbukumbu ikajaa matuta ya Songea nzima. Nikazima hicho kipengele. Nilichobaki nacho ni kamera inayorekodi vipande vya dakika tatu tatu, na kadi ikijaa, inafuta vya zamani na kuandika vipya juu yake.

Mama hakuipenda. Wenzake wa kwaya wakipanda walikuwa wananyamaza.

"Hii inasikia?" mmoja aliuliza siku moja, akiwa ameshika mkoba mapajani kama yuko ofisini kwa mtu.

"Nimezima sauti, mama."

"Utajuaje kama imezimika kweli?"

Usiku ule niliamka kwenda kuhakikisha.

Jumatano moja nilikuwa narudi mjini kwa barabara ya Tunduru. Mbele yangu kulikuwa na lori, na mbele ya lori, pembeni kidogo, mwenye pikipiki bila abiria. Barabara ilipinda kidogo kushoto kwa hiyo nilimwona vizuri. Aliwasha indiketa ya kulia akaanza kusogea katikati ili aingie barabara ya vumbi iliyokuwa upande ule. Mimi nikapunguza mwendo. Lori halikupunguza. Lilihama kulia kumpita, likamkuta yuko katikati ya kukata kona, likamsukuma mpaka mtaroni.

Watu walitoka nyumba za karibu haraka sana. Mguu wa yule wa pikipiki ulikuwa umekaa vibaya. Dereva wa lori alishuka akiwa ameshika kichwa, na neno lake la kwanza, kabla hajafika pale mtaroni, lilikuwa, "Ameingia bila indiketa. Mmeona wenyewe, bila indiketa." Mtu mmoja akaitikia kwamba hawa vijana ndivyo walivyo. Wakampakia majeruhi kwenye gari lililokuwa likitoka upande wa pili. Mimi nilikuwa nimekaa, mikono kwenye usukani, taa nyekundu ya kamera ikiwaka mbele ya uso wangu. Nilijisemea kwamba ipo, imerekodiwa, hakuna haja ya kupiga kelele. Nikaendesha taratibu kwenda nyumbani.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilipofika nilichomoa waya wa kamera na nikaamua gari lisitembee, ili isije ikaandika juu ya kile kipande. Mama nilimwambia tu kwamba kamera haifanyi kazi vizuri. Mpaka hapo nilikuwa sahihi. Lakini sikuitoa kadi. Kompyuta yangu ina virusi, nikaogopa itakula kila kitu. Kuhamishia kwenye simu kunahitaji programu, na programu ile iliomba ruhusa ya kuona majina yote niliyohifadhi, nikakataa, ikakataa. Halafu nikaanza kufikiria mbali zaidi. Nikiipeleka polisi nitakuwa shahidi. Mwenye lori ni nani? Nikiitwa mahakamani siku ya usaili wa kazi je? Na kwa nini niliondoka pale? Alhamisi nilipanga kwenda Ijumaa. Ijumaa nilipanga kumuuliza mama kwanza, nikaona atasema niende, kwa hiyo sikumuuliza.

Jumamosi asubuhi mama alikwenda Majengo kwa miguu. Alirudi amefurahi. Saa tisa alasiri mwanamke mmoja akabisha hodi, mtoto mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Hakukaa. Alisema yeye ni mke wa yule wa pikipiki aliyegongwa barabara ya Tunduru. Mume wake yuko wodini, mguu umefungwa, na askari wa usalama barabarani walikwenda pale kitandani kuandika kwamba yeye ndiye mwenye makosa, kwa sababu dereva wa lori ana mashahidi wawili. Akipona atashtakiwa. Alikuwa amezunguka siku mbili akiuliza nani alikuwepo, na mtu wa pale akamwambia kulikuwa na kagari ka rangi ya fedha kenye kamera kwenye kioo.

"Nikauliza gari lenye kamera ni la nani," alisema. "Huku mtaani kila mtu analijua."

Mama alinigeukia polepole. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Imo kwenye kamera. Nilikuwa nataka kuipeleka."

"Tangu Jumatano?"

Nilikwenda kwenye gari karibu nikikimbia, nafuu kubwa ikinipanda kifuani, kwa sababu sasa mtu mwingine alikuwa ameniamulia. Nikabonyeza pale kadi inapokaa. Hapakuwa na kadi.

Niliporudi ndani mama alikuwa ameshaanza kuelewa, nikaona usoni kwake kabla sijasema.

"Ile kadi ndogo?" aliuliza. "Ya kwenye kamera? Si ulisema kamera yenyewe haifanyi kazi vizuri? Nimeipeleka kuwekewa nyimbo. Kesho tunakwenda Peramiho na wenzangu, na ile ya redio imekufa, inarudia rudia."

"Mama, iko wapi?"

"Kwenye redio. Zimeingia nyimbo mia tatu."

Tuliichomoa tukaenda nayo Majengo sote watatu, na mtoto wanne. Dada wa duka la simu alinikumbuka.

"Dada, hii kadi ulivyoifungua ilikuwa na nini?"

"Barabara," alisema. "Nilifungua nikakuta barabara. Nikafungua nyingine, barabara. Nyingine, barabara. Hazina majina, namba tu. Nikajua ni kirusi."

"Ukafuta?"

"Nilifomati kabisa. Na mama sikumchaji hiyo, nilimsaidia." Alitutazama mmoja mmoja. "Kwani zilikuwa za kazi?"

Alijaribu, siwezi kumlaumu. Aliweka programu ya kurudisha vilivyofutwa, akahudumia wateja wengine huku inazunguka, na kabla ya kufunga duka ilikuwa imerudisha vipande saba. Sita havikufunguka. Cha saba kilionyesha sekunde chache za uwanja wa nyumba yetu, kuku akipita mbele ya boneti. Kwaya ilikuwa imelala juu ya vingine vyote. Nilisoma kuhusu kamera miezi miwili, na hakuna mahali walipoandika kwamba mama yako ataipeleka kadi kuwekewa nyimbo. Nilitaka kumkasirikia yeye, nikashindwa, kwa sababu aliniuliza kwenye gari kwa sauti ndogo, "Ungeniambia Jumatano, ningeigusa?" Basi nikaikasirikia kamera. Hata hiyo haikudumu, maana kamera ilifanya kazi yake yote. Ilirekodi. Mimi ndiye niliyeiatamia kama yai.

"Lakini wewe uliona," mke wa majeruhi alisema. Alikuwa hajapandisha sauti tangu afike. "Kwa macho. Uliona?"

Nikasema niliona, na hapo hapo nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Nilikuwa nimeirudia picha ile kichwani mara nyingi mno kwa siku tatu. Ile taa ya njano, ilikuwa indiketa kweli, au mwanga wa jua kwenye plastiki? Iliwaka na kuzima, au niliiwasha mimi baadaye, kwa kutaka? Jumatano jioni ningeapa. Sasa kila nikiitazama inakuwa hafifu zaidi, na kile ambacho kingeniambia ukweli kilikuwa kinaimba kwenye redio ya mama.

Jumatatu tulikwenda polisi, mimi na yule mwanamke. Mama aliniambia nivae sketi ndefu na nisizungushe maneno. Askari aliyekuwa na jalada alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Video iko wapi?"

"Imefutwa, afande."

"Na nani?"

"Ziliwekwa nyimbo. Za kwaya."

Alimtazama mwenzake wa meza ya pili. Mwenzake akainuka akaenda kucheka nje.

"Sawa," alisema. "Binti, sasa wewe mwenyewe ulikuwa umbali gani?"

"Kama mita ishirini na tano. Au thelathini. Inategemea, kwa sababu lori nalo lilikuwa—"

"Chagua moja."

"Siwezi kuchagua, nitakuwa nadanganya."

Aliweka kalamu chini. "Dereva wa lori anasema hakukuwa na indiketa. Mashahidi wake wanasema hakukuwa na indiketa. Wewe unasema ilikuwepo. Una uhakika?"

Swali hilo ndilo lililonisumbua mwaka mzima. Mke wa majeruhi akasogeza kiti chake. Nikajaribu kuitazama ile taa tena kichwani na haikuja. Kilichokuja ni mguu wangu wa kulia. Nilikumbuka ukitoka kwenye mafuta na kwenda kwenye breki, kabla lori halijahama, wakati barabara mbele yangu ilikuwa wazi na hakuna kingine chochote cha kunifanya nipunguze.

"Nilishika breki," nilisema. "Kabla ya ajali. Nilishika breki kwa sababu niliona anataka kukata kulia. Bila indiketa nisingejua. Mimi nilikuwa mbali kuliko lori, na nilijua."

Alinitazama kidogo, akachukua kalamu. "Hilo tunaliandika."

Aliandika kurasa mbili kwa mkono, akanisomea. Nilimrekebisha mara nne, mara ya tano akasema inatosha. Nikaweka sahihi, nikaacha namba ya simu. Hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba yaliyoandikwa kitandani kwa mgonjwa yatasubiri, na kwamba nikiitwa niende.

Nje nilifikiri tumemaliza. Mwanamke akaniomba tupitie hospitali.

"Anataka kukuona," alisema. "Tangu Alhamisi wanamwambia hakuwasha. Sasa na yeye hajui."

Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, labda rika langu. Mguu ulikuwa umeinuliwa. Mke wake alimwambia mimi ni nani. Hakuniuliza kuhusu polisi wala kuhusu kadi.

"Dada, niliwasha?"

"Uliwasha."

"Ya kulia?"

"Ya kulia. Nilishika breki."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kisha akageuzia uso ukutani, na mke wake akamvutia shuka mabegani.