Nenosiri Kwenye Ubao wa Nyimbo

Kaka yangu watu wanamwita Kimya, na jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Kwaya ikitaka kurekodi wimbo, yeye hutoa kichwa kwenye kidirisha cha chumba cha sauti, ananyoosha kidole juu na kusema neno moja tu: "Kimya." Hasemi tafadhali. Aliwahi kumwambia hivyo mchungaji aliyekuwa anakohoa, na mchungaji akakimeza kikohozi chake.

Ninaandika habari zake kwa sababu mwaka huu alifanyiwa jambo ambalo nikilikumbuka moyo unanipanda, na mimi si mtu wa hasira. Ninashona majoho ya kwaya, ninasali, ninalala. Lakini hili limenikaa kooni.

Kaka alikuwa fundi redio karibu miaka thelathini. Kibanda chake kilijaa redio zilizopasuliwa matumbo, na yeye katikati yake, sikio kwenye spika kama daktari. Mke wake alikuwa anasema, "Laiti ningezaliwa spika, huyu bwana angenisikiliza." Halafu watu wakaacha kutengeneza redio. Ikiharibika wanatupa, wananunua nyingine. Kibanda kikafungwa. Ndipo kanisa likamwomba aje aangalie spika zake, na alipoingia kwenye kile chumba chembamba nyuma ya ukumbi hakutoka tena. Ni mwaka wa kumi na moja sasa.

Humo ndani aliunda kompyuta kwa mikono yake, vipande vya hapa na pale, kwa kazi moja tu: muziki. Haiandiki barua, haina michezo. Aliiondolea hata feni, ili isivume. Ukisikiliza wimbo kwenye mashine ile unasikia mpaka mwimbaji anavyovuta pumzi. Nyimbo zote za kwaya alizirekodi humo.

Maneno yalianza kwa mwalimu wa kwaya, na kusema kweli alikuwa na haki. Alikuwa anatufundisha nyimbo mpya kwa kuinua simu yake juu kama mtu anayetafuta mtandao mlimani. Sisi wa mbele tunasikia, ila wale wanaume wa sauti ya nne, kule nyuma, wanabuni tu. Akaiomba kamati kompyuta ya Kimya iunganishwe na intaneti, ili nyimbo zitoke mtandaoni moja kwa moja mpaka kwenye spika kubwa.

Mimi ni mjumbe wa kamati ile kwa ajili ya majoho, kwa hiyo nilikuwepo. Kaka hakukataa. Alisema, "Inawezekana. Nipeni wiki mbili."

"Wiki mbili!" mwalimu akaruka. "Mwanangu anaunganisha simu kabla chai haijapoa."

"Simu imevaa nguo, mwalimu. Kompyuta hii nimeivua zote. Haina hata programu ya kuilinda na virusi, maana hiyo programu ikiamka kukagua, sauti inakatika kama mtu mwenye kwikwi. Sasa aliye uchi humtoi barabarani. Lazima kwanza nimjengee ukuta."

"Fundi," Mwenyekiti wa kamati akasema, "tunazungumzia kompyuta au binti yako?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Kaka aliwangoja wamalize. Akaeleza polepole kwamba atahitaji ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, ya peke yake, isiyoguswa na simu ya mtu yeyote. Atafunga njia zote za kuingilia, abakize moja ya kutokea, tena ya kwenda kwenye nyimbo tu. Na kabla ya yote atazinakili nyimbo zetu za zamani kwenye diski ya pembeni, moja moja, akizisikiliza. Mwenyekiti akatazama saa. Akasema sawa, wiki mbili.

Siku ya nne tu, nikiwa ninapanga majoho kwenye kabati la ukumbini, nikamwona Mwenyekiti anaingia na ufunguo wa akiba. Nyuma yake alikuwa mkwe wake, aliyemuoa bintiye wa kwanza, ambaye pale kanisani wanamwita Mtaalamu kwa kuwa anafanya kazi kwenye ofisi yenye kompyuta nyingi. Anayoifanya humo sijawahi kuijua.

"Mmemwambia kaka?" nikauliza.

"Mama, hii ni kazi ya dakika kumi," Mtaalamu akanijibu bila kugeuka. "Haihitaji kikao."

Na kweli, dakika kumi zilimtosha. Alichomeka waya kwenye ruta ile ile ya kanisa zima. Akafungua kabati la nyimbo lililomo ndani ya kompyuta ile, ili kila muumini aweze kujichotea kwa simu yake. Jioni ile kaka alipofika alikuta waya umeshachomekwa, kwaya ikasikia wimbo mpya kwenye spika kubwa, sauti ya nne wakaimba vizuri ajabu, na Mwenyekiti akapigiwa makofi.

Kuanzia hapo kila mtu akawa anamwendea Mwenyekiti kumwomba nenosiri la mtandao. Kaka alikuwa ameliweka refu, lenye herufi na alama, watu wanalikosea. Mwenyekiti akachoka. Ndipo akapata wazo, na wazo lenyewe lingemjia mtu wa kanisani tu. Tunao ubao wa nyimbo pale mbele, unapochomekwa tarakimu za mbao kuonyesha namba za nyimbo za siku hiyo. Akamwambia mkwewe abadilishe nenosiri liwe tarakimu nane, maana ubao hauna herufi. Jumapili tukafika, tunakuta namba za nyimbo, na chini yake mstari mrefu wa tarakimu nane. Kwenye matangazo akasema, "Huo mstari wa chini msiutafute kwenye kitabu. Ni nenosiri. Karibuni."

Kanisa likacheka kwa furaha. Nami niliziandika zile tarakimu kwenye simu yangu, Mungu anisamehe.

Kaka alitoka chumbani kwake, akatembea mpaka ubaoni, mbele ya watu wote, akaanza kuzichomoa zile tarakimu moja baada ya nyingine.

"Rudisha, Fundi," Mwenyekiti akamwambia kwenye maikrofoni.

"Mwenyekiti, huu ni ufunguo."

"Ni ufunguo wa baraka. Rudisha."

Akazirudisha. Baada ya ibada akaomba kikao. Akaambiwa kikao ni mwisho wa mwezi. Akaomba basi angalau achomoe waya wa kompyuta yake mpaka siku hiyo. Akaambiwa anarudisha maendeleo nyuma.

Siku ya kumi na moja tangu kile kikao, Alhamisi, siku ya mazoezi, tulikuta kioo cha kompyuta kimekuwa chekundu, kimejaa maandishi yasiyoeleweka. Wimbo haufunguki hata mmoja. Kaka alichomoa waya, akaweka kiganja juu ya mashine, akakaa hivyo. Katika zile siku chache alizopewa alikuwa amenakili nyimbo za miaka tisa. Za miaka miwili ya mwisho hakuwahi. Zilipotea, na hazijarudi mpaka leo.

Ungedhani wangemwomba radhi. Hata! Mtaalamu alikagua mashine, akatoka na uso wa msiba, akasema, "Hii imeharibiwa na mtu anayeijua. Mtu aliyekuwa hataki iunganishwe." Hakutaja jina. Kulikuwa na haja gani ya kutaja? Jumapili iliyofuata Mwenyekiti akasoma kwenye matangazo, baada ya ratiba ya usafi, kwamba mtandao umezimwa, na fundi wa sauti amesimamishwa kupisha uchunguzi wa uharibifu wa makusudi. Makusudi! Ufunguo walimnyang'anya pale mlangoni, watu wanapita, watoto wanatazama. Mtu ambaye kwa miaka kumi na moja hajawahi kupoteza hata waya wa maikrofoni.

Nilimtembelea nyumbani siku ya pili. Alikuwa amekaa sebuleni, redio iko mezani, imezimwa. Mke wake alinivuta jikoni.

"Miaka yote niliomba aizime," akaninong'oneza. "Sasa mwambie aiwashe, jamani. Nyumba imekuwa kaburi."

Nilirudi kuketi naye. Nikamuuliza, "Kaka, unataka nini?"

"Wamesema kwa watu wote kwamba nimeharibu," akasema. "Kompyuta nitaitengeneza. Hilo neno siwezi kulitengeneza mimi."

Basi nikajua kinachotafutwa. Si chumba, si ufunguo. Ni neno lililosemwa mbele ya watu, lifutwe mbele ya watu.

Kikao kilikuwa Jumamosi asubuhi. Kaka aliketi kwenye kiti cha peke yake, kama mtuhumiwa. Nilikuwa nimesali usiku mzima. Mtaalamu alisimama na daftari.

"Mgeni hawezi kuingia kwenye mtandao wetu," akasema. "Nenosiri tunalijua waumini tu. Kwa hiyo aliyefanya hivi ni wa ndani."

"Waumini tu?" kaka akauliza.

"Fundi, utapewa nafasi yako," Mwenyekiti akamkata.

Hapo mlango ukagongwa. Akaingia kinyozi wa upande wa pili wa barabara, ambaye si muumini wetu wala wa mtu yeyote, koti jeupe limejaa nywele.

"Samahani, wazee. Sitaki kuwasumbua. Nimekuja kuuliza tu, mtandao wenu utarudi lini?"

"Mtandao upi?" Mwenyekiti akasema.

"Huu wa zile namba za ubaoni. Ukikaa kwenye kiti changu cha pili unazisoma vizuri kabisa dirishani kwenu. Wateja wamezoea, wananilalamikia mimi. Na jirani yangu yule anayetengeneza kompyuta za watu zilizoingiwa na virusi, yeye ndiye kakwama zaidi. Zote alikuwa anazijaribia humu humu kwenu." Akatutazama usoni mmoja mmoja. "Au nimekuja wakati mbaya?"

Mwalimu wa kwaya akafunika mdomo kwa kitambaa. Mtaalamu alikuwa anatafuta kitu kwenye daftari lake, anafungua kurasa ambazo hazijaandikwa.

Kinyozi alipotoka, palikuwa kimya bila mtu kukiomba. Kisha Mwenyekiti akakohoa, akasema kwa sauti laini, "Basi, jamani. Sisi ni ndugu. Yaishe." Akatoa ufunguo mfukoni, akamnyooshea kaka chini chini, pembeni ya meza, kama anayempa pipi mtoto anayelia.

Yaishe! Mimi neno hilo nimelisikia maisha yangu yote. Mkubwa akikosewa, kunaitishwa vikao vitatu. Mdogo akikosewa, yaishe. Nikasimama. Sijui hata nilisimamaje.

"Halijaisha, Mwenyekiti," nikasema. "Ulimtangaza kanisani. Humwiti mtu mharibifu kwenye maikrofoni halafu ukamsafisha chini ya meza."

"Mama Majoho, nawe!" akashangaa. "Wewe ni mtu mpole."

"Ndiyo. Ndiyo maana mmefika mbali hivi."

Kaka hakuupokea ufunguo. "Kesho, kwenye matangazo," akasema. "Hapo hapo uliposomea. Mimi nitakuwa nimekaa na watu."

Jumapili Mwenyekiti alisoma ratiba ya usafi, akasoma za wagonjwa, kisha akageuza uso kando ya maikrofoni na kunung'unika kitu kuhusu hitilafu, na fundi, na Mungu ni mwema. Akataka kukaa. Nikainuka kutoka safu ya kwaya, na joho langu.

"Mwenyekiti, huku hatujasikia."

Mchungaji alinitazama, akamtazama yeye. "Soma tena, mzee," akasema. "Karibu na maikrofoni."

Akasoma tena. Safari hii ilisikika mpaka barabarani: kwamba fundi wa sauti hakuharibu chochote, kwamba alitoa tahadhari na kamati haikumsikiliza, kwamba nenosiri kuwekwa ubaoni lilikuwa kosa la mwenyekiti mwenyewe. Neno samahani hakulisema. Mimi nililingoja mpaka wimbo wa mwisho. Ninalingoja bado.

Kaka alipokea ufunguo pale pale, na kesho yake akaanza kazi. Alifuta kompyuta yote, akaijaza upya kutoka mwanzo. Akarudisha nyimbo za miaka tisa, akafanya nakala mbili, moja akaipeleka kwa mchungaji. Akaifungia ruta yake ndogo, mbali na ile ya simu za watu, akafunga kila njia ya kuingilia, na ile ya kutokea inafika kwenye nyimbo tu. Mazoezi yakianza anachomeka waya, yakiisha anauchomoa, anauviringisha na kuuning'iniza kwenye msumari. Hakuna anayefungulia kitu kingine humo, hata kama ni hotuba ya askofu. Ilimchukua siku kumi na tatu. Alikuwa ameomba wiki mbili.

Alhamisi ya kwanza sauti ya nne waliusikia wimbo mpya wote, mpaka pumzi za waimbaji. Tulipokuwa tunavua majoho, Mwenyekiti akaja polepole kwenye kidirisha cha chumba cha sauti, simu mkononi, anatabasamu.

"Fundi, hiyo ruta yako naona ina nguvu. Nipe nenosiri, mara moja tu, kuna kitu nataka kukitazama."

"Hapana, Mwenyekiti," kaka akasema, akafunga kidirisha.