Herufi Nne Ubavuni mwa Kasha

Nilimwamkia kwanza. Hata siku ile, nikiwa na hasira ya kupasua jiwe, nilisimama mlangoni mwa duka nikasema shikamoo, kwa kuwa mwenye duka alikuwa rika la baba yangu na mimi nimelelewa. Akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa anamhudumia mama mmoja mwenye mimba kubwa, ameteremka kutoka Mtae asubuhi hiyo, miguu imemvimba mpaka kandambili hazimtoshi. Akamtia kasha jekundu la dawa mkononi.

"Ni ya miguu?" mama akauliza.

"Ya kila kitu. Ni majani tu haya, mama. Majani hayana madhara."

Maneno hayo nilikuwa nimeshaambiwa mara mbili kwenye duka hilohilo. Ya tatu ilinishinda. Nililichukua kasha mikononi mwa yule mama, nikalifungua, nikaweka vidonge viwili juu ya kaunta.

"Kama ni majani, tafuna. Hapa hapa, tukuone."

"Mimi siumwi."

"Na huyu umemuuliza anaumwa nini? Umemuuliza mimba ina miezi mingapi?"

"Wewe binti, usiniharibie biashara."

"Tafuna, mzee!"

Watu waliokuwa wakichagua tochi wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Mpe na maji basi, asije akapaliwa." Mwanangu akaamka mgongoni, akalia. Mzee hakutafuna.

Yalianza mwaka uliotangulia, nilipokuwa na mimba ya huyo mtoto, miezi mitatu. Zilikuwa enzi za ruksa, bidhaa za nje zimeruhusiwa kuingia. Lushoto mjini palijaa vitu ambavyo tulipokuwa wadogo tulivisikia kwa watu tu: chupa za chai zenye maua, kufuli za kila ukubwa, na katika duka la mzee huyo, rafu nzima ya dawa za Kichina. Mimi nilikuwa natapika kwa harufu ya kabichi, na sisi ndio wakulima wa kabichi. Mume wangu akanihurumia, akaninunulia kasha. Ndani mlikuwa na vidonge vyeusi vya mviringo. Vilifanana na vya mbuzi, na mnajua nasema nini.

Sikuvimeza hivi hivi. Nilimpelekea mama mkwe. Mama mkwe wangu anaijua miti ya milima hii, na ana utaratibu wake: hakupi dawa iliyokwisha kutwangwa. Anakuletea tawi zima na majani yake, ulishike, ulinuse, ulijue, ndipo atwange mbele yako. Mwenye mimba humwuliza miezi kwanza, na kuna matawi ambayo hayaingizi kabisa nyumba yenye mimba.

Akaligeuza kasha. Mbele palikuwa na picha ya ua, petali nyingi, majani ya kijani. Akalisogeza machoni.

"Hili tunalo," akasema. "Linaota kule juu, karibu na msitu. Halina ubaya. Kunywa, mwanangu."

Nikanywa. Siwezi kumlaumu. Kwake dawa ya haki huonyeshwa, na hii ilikuwa imejionyesha yenyewe.

Siku ya sita nikaona damu. Si nyingi, madoa, lakini nilikaa chooni nikiogopa kusimama. Kliniki, nesi akaniuliza nimekunywa nini.

"Dawa ya Kichina."

"Ina nini ndani?"

"Maua."

"Nani kakwambia?"

"Mama mkwe."

"Kumbe mama mkwe anasoma Kichina!" Akacheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. Akanilaza, akanipima. Aliponiruhusu akaniambia kitu ambacho sijakisahau: "Siwezi kusema ndiyo iliyoleta damu. Siwezi kusema siyo. Damu huja kwa mengi. Mimi sijui ulichomeza, na wewe hujui."

Damu ilikoma, mimba ikakaa. Ila lile la kutojua lilinikaa rohoni kama mwiba. Nilikwenda dukani mara mbili kuuliza mna nini ndani, na mara mbili nikajibiwa majani. Majani gani? Mlonge ni majani, tumbaku ni majani. Kuna majani mbuzi akila anakufa, na kila mtoto wa hapa anayajua.

Nesi alimfahamu daktari mmoja Tanga aliyesomea China. Kasha lenyewe nilikuwa nalo moja, sikutaka lipotee njiani. Nikakaa na penseli nikanakili maandishi yote, pande zote, mstari kwa mstari, kama nilivyokuwa nachora moyo wa chura kwenye somo la Bayolojia. Ilinichukua siku tatu. Mume wangu akawa ananiuliza kama nimeanza uganga. Karatasi ikaenda na basi.

Majibu yalikuja mtoto akiwa ameshazaliwa, mzima, mwenye sauti. Daktari aliandika kwamba mwandiko wangu ni wa mtoto wa chekechea, lakini unasomeka. Alitaja miti mitano. Mingine hakujua majina yake kwa Kiswahili. Dawa ilikuwa ya kuchangamsha damu kwa wanawake ambao hedhi zao zimechelewa. Ua la mbele halikuwamo ndani. Ni nembo ya kiwanda. Na zile herufi nne za ubavuni, za chini kabisa, ndogo, maana yake: mjamzito asitumie.

Walioitengeneza walijua, wakaandika. Nililishika kasha, nikalinakili, onyo nikalichora kwa mkono wangu mwenyewe bila kujua ni onyo. Nilipomwonyesha mama mkwe zile herufi alizipitishia kidole, akauliza, "Sasa kwa nini wamechora ua?"

Kesho yake ndiyo nilikwenda dukani, nikamkuta mama wa Mtae. Alirudishiwa pesa yake, nikampeleka kliniki mwenyewe kwa ile miguu. Kutoka hapo nikaenda ofisini kwa bwana afya. Akaniambia malalamiko ya mdomo hayaingii kwenye faili. Nikaomba karatasi, nikakaa kwenye benchi lake, nikaandika:

"YAH: DAWA INAYOUZWA KWA WAJAWAZITO BILA MAELEZO YA KISWAHILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkulima na mama wa mtoto mmoja. Sidai kwamba dawa hii ndiyo iliyonitoa damu, kwa sababu hakuna aliyeweza kunithibitishia. Ninalolalamikia ni kwamba inauzwa na mtu asiyejua kilichomo, kwa mtu asiyeweza kusoma onyo lililoandikwa juu yake. Nimeambatanisha kasha moja pamoja na barua ya daktari. Naomba dawa hii iondolewe rafuni, na nyingine zote za namna hiyo zisiuzwe mpaka maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili. Naomba pia mtu atumwe Mtae na Mnazi, kwa kuwa wachuuzi hununua makasha haya kwa dazeni na kuyapeleka huko gulioni. Naomba nijibiwe kwa maandishi."